Mlevi aliyemtafuta mlevi mwenzake

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Neno la wiki hii ni 2 Wakorintho 1:4, "atufarijiye katika dhiki zetu zote ili nasi tupate kuwafariji wale walio katika dhiki za namna zote, kwa faraja hizo, tunazofarijiwa na Mungu." Naombeni mlisome taratibu, hasa pale mwisho, alafu twende Marekani miaka ya 1930 maana kuna watu kule waliuishi huu mstari kabisa, na kilichotoka hapo leo ndo kinaitwa Alcoholics Anonymous, wengi wanaita AA tu, walevi wanakutana wenyewe kwa wenyewe kusaidiana kuacha pombe, hakuna kiingilio na hakuna kutajana majina ya ukoo.

Kulikuwa na jamaa anaitwa Bill Wilson, mzaliwa wa Vermont, mtu wa mambo ya hisa pale New York, kichwa kweli kwenye hela ila pombe ikamla mpaka akawa anaishi nyumba ya wakwe zake Brooklyn, mke wake Lois ndo anatoka kila siku kwenda kazini dukani na yeye amebaki ndani na chupa. Mwezi wa 11 mwaka 1934 akaja kumtembelea rafiki yake wa zamani, Ebby Thacher, wamelewa wote miaka na miaka. Bill akammiminia, Ebby akakataa. Bill akashangaa, we vipi, Ebby akamwambia nimempata Mungu. Alikuwa ameingia kwenye kikundi cha Wakristo kinaitwa Oxford Group, watu wa kuungamiana dhambi, kurudisha walichodhulumu na kukaa kimya asubuhi kumsikiliza Mungu. Bill hakupenda hizo habari za dini ila hakuweza kubisha kitu kimoja, Ebby aliyekaa mbele yake alikuwa hajalewa.

Desemba mwaka uleule Bill akalazwa tena hospitali ya Towns, New York. Pale kitandani hana pa kushika akalia kwamba kama Mungu yupo basi ajionyeshe, na mwenyewe alisimulia maisha yake yote kwamba chumba kilijaa mwanga na akasikia amani ambayo hajawahi kuisikia. Akamwita daktari wake, William Silkworth, amuulize kama akili imeruka. Daktari akamwambia hapana, hicho ulichopata kishikilie. Hakunywa tena mpaka anakufa 1971.

Sasa hapa ndo nataka mnisikilize wapendwa. Bill alivyotoka hospitali aliwaka moto, akawa anazunguka kuwatafuta walevi, anarudi palepale Towns, anaenda kwenye misheni ya kanisa la Calvary ambako walevi walikuwa wanapewa chakula na kulala, anawaleta mpaka nyumbani Lois awapikie, na anawahubiria ule mwanga wake usiku na mchana. Miezi sita. Hakuna hata mmoja aliyeacha. Alipokata tamaa Lois akamkumbusha kwamba mbona wewe mwenyewe hujanywa. Na dokta Silkworth akamwambia ukweli, wewe unawahubiria sana, unawaanzia na mwanga ambao hawajauona, anza na ugonjwa wenyewe, waambie wewe ulikunywaje na ilikufanya nini, wakishajiona ndani ya habari yako ndo watakuuliza ulitokaje.

Mimi hili neno la daktari nalichukulia kama neno la kinabii kwetu sisi wa makanisani. Maana tunawajua ndugu zetu wanaokunywa, tunawataja kwenye maombi, tunawapelekea mistari ya walevi hawataurithi ufalme wa Mungu, alafu tunashangaa wakituona njiani wanakata kona. Mstari ni wa kweli, siupingi, ila yule ndugu anaujua kuliko sisi, anajihubiria mwenyewe saa kumi usiku mdomo umekauka, asichokuwa nacho ni mtu wa kukaa naye anayejua hiyo saa kumi usiku ikoje.

Mwezi wa 5 mwaka 1935 Bill akaenda mji wa Akron, Ohio, kwenye ugomvi wa kugombea uongozi wa kampuni moja ya mashine za mpira. Dili likafa. Wenzake wakaondoka, yeye akabaki hoteli ya Mayflower, mfukoni hana hela ya maana, ni Jumamosi mchana, mji hamjui mtu. Anatembea pale mapokezi kwenda na kurudi, upande mmoja baa, anasikia watu wanacheka na glasi zinagongana, upande wa pili simu na ubao wenye majina ya makanisa ya mjini. Akaanza kujiambia naweza kukaa mle ninywe soda tu, na mtu yeyote aliyewahi kuwa na pombe anajua hiyo soda inaishia wapi. Akaogopa. Na kwenye ile hofu akakumbuka kwamba miezi yote ile akihangaika na walevi wa watu, kilichomtunza yeye asinywe kilikuwa kule kuhangaika. Akaenda kwenye simu. Akampata mchungaji Walter Tunks, akampa majina, akawa anapiga moja baada ya jingine, huyu hayupo, huyu ana ratiba, mpaka akafika kwa mama mmoja anaitwa Henrietta Seiberling, na swali lake lilikuwa moja, mimi ni mlevi kutoka New York, natafuta mlevi mwenzangu wa kuongea naye.

Hebu fikiria unapokea simu kama hiyo. Wengi wetu tungekata. Ila yule mama alikuwa na daktari mmoja anayemwombea, wiki chache nyuma huyo daktari alikuwa amekiri mbele ya kikundi chao cha maombi kwamba ananywa kwa siri na hawezi kuacha, wakapiga magoti naye wote. Kwaiyo simu ilipoita Henrietta aliona ni jibu la Mungu limefika.

Daktari mwenyewe ndo Bob Smith, daktari wa upasuaji, naye mtu wa Vermont. Utotoni alipelekwa kanisani mara nyingi mpaka akaapa akishakuwa mkubwa hatakanyaga tena (wazazi tulitafakari na hilo). Chupa alikuwa anazificha kwenye makaa ya mawe, juu ya fremu za milango, kwenye nyufa za sakafu ya chini ya nyumba, na mke wake Anne anazitafuta. Siku ileile Henrietta anawapigia, Bob alikuwa amerudi nyumbani na ua la kwenye chungu, zawadi ya Anne kwa ajili ya Siku ya Akina Mama, ua liko juu ya meza na mwenyewe amelala hajitambui kwa pombe. Anne akasema leo haiwezekani, ikawa kesho yake, Jumapili tarehe 12 Mei, saa kumi na moja jioni. Bob akaja anatetemeka na hangova, akasema nakaa dakika kumi na tano tu.

Walikaa mpaka saa tano na kitu usiku. Bill hakumhubiria, alimweleza jinsi alivyokunywa, alivyojiapiza, alivyomwibia mke wake hela, na akamwambia wazi kwamba nimekuja kwa sababu mimi ndo nakuhitaji, nisipoongea na mlevi leo nitakunywa. Bob alikuwa ameshaombewa, ameshasoma vitabu vya dini na vya udaktari, ila alisema baadaye huyu ndo alikuwa mtu wa kwanza kuongea naye anayeijua pombe kwa kuipitia mwenyewe. Ndugu zangu, Paulo anasema kwa faraja hizo tunazofarijiwa, yaani ile uliyopokea wewe kwenye shimo lako ndo unayo ya kumpa mwenzio.

Bill akahamia kwao kule Ardmore Avenue kiangazi chote. Kila asubuhi mama Anne anakaa pembeni anawasomea Biblia, Mahubiri ya Mlimani, 1 Wakorintho 13, na zaidi waraka wa Yakobo, wanavyoupenda sana huo wa imani pasipo matendo imekufa mpaka kuna waliotaka kikundi kiitwe klabu ya Yakobo. Alafu Bob akaenda kwenye mkutano wa madaktari Atlantic City, akaanguka vibaya kwenye pombe, akarudi hajitambui, na ana mgonjwa wa kupasua siku chache mbele. Bill na Anne wakakesha naye. Asubuhi ya upasuaji, tarehe 10 Juni 1935, mikono inacheza, Bill akampa chupa moja ya bia ya kuzimua ili aweze kushika kisu, akamshusha hospitali. Wakasubiri nyumbani masaa na masaa, hajarudi. Kumbe alimaliza upasuaji salama alafu akaanza kuzunguka mji mzima kwa watu aliowakosea na wanaomdai, kuomba msamaha na kupanga atakavyolipa. Ile bia ndo ilikuwa ya mwisho maisha yake yote, na AA wanahesabu siku ile kama siku ya kuzaliwa kwao.

Wiki hazikuisha wakaenda hospitali ya jiji kumtafuta wa tatu. Nesi akawaambia tunaye mmoja mwanasheria, Bill Dotson, amewapiga manesi, tumemfunga kitandani. Huyu alikuwa mtu wa kanisa kweli. Alikuwa anaamka asubuhi na hangova anaomba, anamwapia Mungu hatagusa tena, na ikifika saa tatu asubuhi tayari amelewa. Wale wawili wakakaa kitandani kwake wakamweleza habari zao, na yeye akawa anasema huyo ni mimi, huyo ni mimi. Akatoka hospitali anatembea kwa miguu yake na mke wake pembeni, hakunywa tena mpaka kufa.

Wengi wakija kwenye historia hii wanakimbilia kitabu cha AA cha 1939 na zile hatua 12 wanazopitia kuacha pombe, na kweli ni kazi kubwa, hatua ya 5 ukiisoma unaiona Yakobo 5:16 ya kuungamiana imekaa mle. Kuna wapendwa wanakwazika na yale maneno "Mungu kama tulivyomwelewa", wanaona wamemficha Kristo. Mimi sina ugomvi nayo, waliyaweka ili mtu aliyeumizwa na dini asiishie mlangoni, na Bob aliyeapa hatakanyaga kanisani ndo alikuja kuwa msoma Biblia mkubwa. Mwaka 1938 walienda kuomba hela nyingi kwa tajiri Rockefeller, akatoa dola 5,000 tu akasema zaidi ya hapo nitawaharibia, wakaumia wakati ule ila mpaka leo AA inajiendesha kwa michango ya wanachama wenyewe.

Mtu ninayempenda zaidi kwenye habari hii yote ni Sista Ignatia. Mtawa mdogo wa umbo, mwalimu wa muziki aliyeugua kwa kuchoka, wakamweka mapokezi ya hospitali ya St. Thomas pale Akron. Hospitali nyingi zilikuwa hazitaki walevi, wanasumbua na hawalipi. Agosti 1939 dokta Bob akamletea mmoja, sista akamwandikisha kwamba anaumwa tumbo, na kwa kuwa wodini hapafai akakisukuma kitanda kwenye chumba cha kutengenezea maua. Mkatoliki na Mprotestanti, hawakuulizana. Mpaka Bob anafariki 1950 walikuwa wameshahudumia walevi karibu 5,000 pale, bila Bob kuwatoza hela yake ya udaktari. Mgonjwa akiondoka sista anampa kibeji cha Moyo Mtakatifu wa Yesu na sharti moja, ukitaka kunywa tena uje kwanza unirudishie mkononi.

Na Ebby, yule aliyeanza yote? Alianguka. Akasimama, akaanguka tena, miaka mingi, wakati maelfu wanapona kwa ujumbe alioubeba yeye. Ila Bill hakuacha kumwita mlezi wake, alimtafutia matunzo na hela mpaka mwisho, na Ebby alikufa 1966 akiwa hanywi. Hili nawaandikia hasa nyie mama na kaka na dada ambao ndugu yenu ameshaacha na kurudia mpaka mmechoka kuhesabu. Bob mwenyewe alirudia wiki chache tu baada ya ile Jumapili, na Anne alimkalia kitandani siku tatu.

Maombi ya wiki hii, kila siku saa kumi na mbili asubuhi: tuwaombee wake na waume wa wanaokunywa, maana Lois na Anne walibeba mzigo mzito na hakuna aliyewaimbia. Tuwaombee manesi wa mapokezi. Alafu ombi langu kwenu, kama uko humu na Mungu alikutoa kwenye pombe, iwe gongo, iwe konyagi, iwe bia za kistaarabu, na uko tayari kwenda kukaa na mtu masaa mawili umwambie yako tu bila kumhubiria, nitumie meseji pembeni, usiandike hapa kwenye grupu. Kuna baba mmoja ametoka hospitali juzi na mke wake ameniuliza kama tuna mtu.