Mradi wa kiwanja Ng'ong'ona: moto, upepo na umeme kukatika (kuanzia mvua zilipokata mpaka sasa)

Wadau habari zenu. Naendelea na kumbukumbu za kiwanja changu huku Ng'ong'ona, Dodoma. Safari hii kazi ni kuandaa nyumba na kishamba cha nyuma kwa ajili ya moto wa nyasi, upepo wa kuezua mabati na umeme kukatika. Watu wanayahesabu haya kama mambo matatu, mimi nayaona ni moja tu, upepo. Upepo ndio unaoezua, ndio unaosukuma moto, ndio unaogonganisha nyaya na kulaza nguzo. Kwa hiyo kila kitu nimekipanga kwa kuuliza kwanza upepo unatokea wapi, na huku kiangazi kizima unatokea mashariki na kusini mashariki, angalia tu miti iliyokulia sehemu ya wazi imelalia upande gani.

Kwa ambao hawajaishi Dodoma, sisi tuna msimu mmoja wa mvua, mwishoni mwa Novemba au Desemba hivi mpaka Aprili, kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka mzima basi. Nyasi zinapanda haraka haraka Februari na Machi, Mei zimeshaanza kuwa njano, ikifika Agosti njiti moja inatosha.

MEI NA JUNI

Nilianza na kufyeka. Upande wa mashariki kuna kiwanja ambacho mwenyewe yuko Dar na hajakiendeleza, nyasi zinafika kiunoni, na huko ndiko upepo unakotokea kwahiyo moto ukija utakuja na njia hiyo. Nilimpigia nikamwomba nifyeke ndani ya mpaka wake, akakubali bila shida yoyote, Mungu ambariki. Nikaweka mkanda wa kinga moto upana wa mita sita upande huo na mita tatu pande nyingine.

Hapa nataka nikae kidogo maana nimeona watu wengi wanafyeka afu wanaacha nyasi zimelala palepale. Hizo ni kuni umeziandaa. Mkanda lazima ufike kwenye udongo, unafyeka, unakusanya, unatoa, unapitisha jembe kuondoa mizizi ya juu. Na upana usipimwe kwa urefu wa nyasi zikiwa zimesimama, moto wenye upepo miale haisimami wima, inalala mbele na kulamba chini, ndio maana upande wa upepo nimeongeza mara mbili. Kuna wanaotengeneza mkanda kwa kuchoma, mimi hapana. Ukishawasha kwenye upepo wa huku moto sio wako tena.

Karibu na nyumba nimeacha mita moja na nusu ya mchanga mtupu kuzunguka ukuta wote, hakuna kuni, hakuna mabua, hakuna maboksi. Afu kitu ambacho wengi hawakiwazii ni cheche. Moto unaweza ukasimama mbali kabisa ila cheche zikaruka, zikaingia kwenye matundu ya hewa chini ya upenu, mule darini kuna vumbi, majani makavu na viota vya ndege. Nimepanda nikasafisha dari yote na kuziba matundu kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo, hewa inapita cheche haipiti.

JULAI: BATI

Fundi niliyempata ni mtu wa makamo, mtulivu sana. Alizunguka nyumba mara mbili bila kusema neno, afu akaniambia, "Bosi, upepo hauanzii katikati ya paa, unaanzia pembeni. Ukishika pembeni umeshika nyumba." Na ndivyo ilivyo, upepo ukipita juu ya paa unalivuta kwenda juu, na pale ukingoni na kwenye kofia (kilele cha paa) ndipo mvuto unakuwa mkali zaidi. Ukiongeza mlango au dirisha la upande wa upepo likawa wazi, unaingia ndani na kusukuma kutokea chini, paa linavutwa juu huku linasukumwa kutoka chini, misumari inachomoka mmoja mmoja.

Tukaanza ukingoni. Misumari ya kawaida tukaitoa tukaweka skrubu zenye raba, upande wa ukingo tumefunga kila baada ya mgongo mmoja wa bati, katikati nafasi ni kubwa zaidi. Ila skrubu inashika bati kwenye papi tu, yaani zile mbao zinazolaliwa na bati. Swali linalofuata ni papi imeshikwa na nini kwenye kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa), na kenchi imeshikwa na nini ukutani? Mnyororo ni huo, ukikatika popote paa linaondoka na mbao zake zote. Kwangu papi zilikuwa zimepigwa msumari mmoja kutokea juu, huo upepo unauchomoa kama karoti. Tukapitisha mikanda ya chuma kila papi inapokutana na kenchi, na kenchi zenyewe tukazifunga kwenye lenta (mkanda wa zege juu ya ukuta) kwa nondo za milimita 6 zilizokunjwa. Kazi ya jasho, kutoboa lenta ni shughuli, lakini nilishika kenchi moja nikaitikisa kwa nguvu zangu zote na haikucheza hata kidogo.

Baraza nimelitenganisha na paa kubwa. Baraza liko wazi chini, ndilo la kwanza kwenda, na likiwa limeungana na paa la nyumba linaondoka nalo. Sasa likienda liende peke yake.

Katikati ya kazi alipita babu mmoja jirani, nikamwamkia, akakaa kwenye kivuli anatuangalia. Akaniuliza nyumba ina urefu gani mpaka kwenye kofia, nikamwambia. Akasema, "Mjukuu wangu, tembe zetu upepo ulikuwa unapita juu. Ninyi mmeujengea kituo." Nimelifikiria sana lile neno. Tembe la Kigogo ni fupi, paa bapa, juu udongo, haliezuliwi na haliwaki. Mimi siwezi kurudi kwenye tembe lakini banda la kuku na stoo ya zana nimezijenga fupi makusudi, na kuta nene za tofali za udongo.

AGOSTI: UMEME NA MAJI

Huku umeme ukikatika muda mrefu na maji yanafuata, kwa sababu sehemu kubwa ya maji ya mji inatoka visima virefu vya Mzakwe na yanasukumwa kwa pampu. Yaani siku upepo umelaza nguzo ndiyo siku unaweza ukahitaji maji ya kuzima moto na bomba ni kavu. Kwa hiyo kabla ya betri nilianza na tenki, lita 2,000 juu ya mnara wa mita tatu. Presha sio kubwa, kila mita moja ya urefu ni kama bar 0.1, ila linashuka lenyewe bila umeme na hilo ndilo nililotaka. Tenki likijaa lina tani mbili, haliendi popote, likiwa tupu ni jepesi na upepo unalibeba, kwahiyo nimelifunga kamba za waya pande nne na halishuki chini ya nusu kipindi chote cha upepo.

Betri nilipiga hesabu kabla ya kwenda dukani. Taa tano za wati 6 kwa saa tano ni wati-saa 150. Ruta wati 10 mchana na usiku ni 240. TV wati 50 kwa saa nne ni 200. Jumla wati-saa 590 kwa siku. Betri ya asidi ya 12V 100Ah kwenye makaratasi ni 1,200 ila ukiitumia zaidi ya nusu unaiua mapema, lithiamu ya ukubwa uleule unaweza kutumia kama asilimia 80 na zaidi. Nimechukua lithiamu. Paneli ni wati 200, kwa jua la Dodoma inarudisha matumizi hayo ya siku moja na chenji inabaki.

Friji sijaiweka kwenye betri, ile peke yake ingekula kila kitu. Nimejaza chupa za maji kwenye friza zikaganda, umeme ukikatika mlango haufunguliwi. Friji iliyofungwa inahimili kama saa nne, friza iliyojaa inaweza kufika siku mbili. Na friji gadi (kifaa cha kulinda friji umeme ukiyumba) ni lazima, umeme ukirudi baada ya upepo unaweza kurudi na kuondoka mara kadhaa kabla haujatulia, huko ndiko kompresa zinakofia.

SEPTEMBA

Moto ulikuja. Mchana, kutokea mashariki, ulianzia mbali ng'ambo ya korongo, sijui nani aliwasha. Tulianza kuona moshi wa njano, tukapiga 114 ya zimamoto palepale, afu kila mtu akachukua alichonacho. Mabomba ya mgongoni ya kupulizia dawa ya zabibu, yale ya lita 16, ndiyo yalifanya kazi kubwa kuliko kitu kingine, nilikuwa nimeyasuuza na kuyajaza maji safi tangu Agosti. Wengine walipiga kwa matawi mabichi ya mwarobaini, wanakaa pembeni mwa moto sio mbele yake.

Ulipofika kwenye mkanda ulishuka. Uliona kabisa miale inalala kutafuta nyasi haipati, inarudi nyuma. Kona moja ambayo nyasi za jirani zilikuwa ndefu ulirusha cheche zikadondoka kwenye uzio wa minyaa, minyaa ikachemka utomvu, ikafoka, haikuwaka. Nguzo za mbao za uzio upande wa kusini ziliungua tatu. Bibi wa nyumba ya tatu alipoteza banda la mabua na mahindi yaliyokuwemo, hilo ndilo lililoniuma. Nguzo moja ya umeme iliungua chini ikaanguka, mtaa mzima ukawa giza mpaka kesho yake jioni, watu walikuja kuchaji simu kwangu na ruta haikuzimika.

OKTOBA MPAKA SASA

Sikukata mti wowote ulioungua. Nimekwangua gome kwa ukucha, palipo na kijani chini mti uko hai hata kama majani yote yameenda. Migunga miwili iliyoungua mpaka chini imeshaanza kuchipua kwenye kisiki, nimechagua machipukizi matatu yenye nguvu kila kisiki, mengine nimeyapogoa. Ndio utaratibu wa Kisiki Hai ambao unatumika vijiji vingi vya Dodoma, na mti wenye mizizi ya zamani unakua haraka kuliko mche mpya.

Bibi tumemjengea banda jipya, kuta za tofali za udongo na bati limefungwa kwa mikanda kama yangu. Nilipomwamkia akasema, "Marahaba mwanangu, sasa na wa huku juu wafyeke." Tumeshakubaliana na kaya sita, mwakani mkanda utakuwa mmoja mrefu upande wote wa mashariki ya mtaa, sio vipande vipande, maana moto ule ulipitia kwenye mapengo.

Sasa hivi ni kipindi cha chamchela na ule upepo mkali unaotangulia mvua za kwanza. Kilichobaki ni kubadilisha misumari upande wa jikoni, fundi anakuja Jumamosi, na mashimo ya mistari miwili ya mwarobaini upande wa mashariki ili mvua za Desemba zikute miche tayari. Nataka mistari iwe na mianya, ukuta wa miti uliobanana sana upepo unauruka na kushuka nyuma yake kwa vurugu, wenye nafasi unaupunguza kasi. Bei za skrubu, nondo na betri nitaziandika zote nikimaliza hesabu ya jikoni.