Nyuzi zilizokataa bluu

Jumanne usiku, Ngamiani, Tanga

Leo sikupiga rangi. Nimekaa kwenye mkeka, kanga ya bibi imetandikwa mbele yangu, na kila nikishika brashi nairudisha koponi. Kuna kitu kilijitokeza jana jioni, nimelala nacho na nimeamka nacho. Acha nikiandike.

Kanga yenyewe ni pande moja la doti. La pili liko kwa mama, kabatini, na halitoki. Hili langu limechakaa. Njano yake imepauka ikawa kama maji yaliyooshewa embe, korosho zilizochorwa katikati zimebaki vivuli, na pindo moja limechanika. Jina bado linasomeka: WEMA HAUOZI. Bibi alilivaa, akabebea wajukuu, na miaka ya mwisho alikuwa analifunga kichwani akiumwa. Alipofariki lilikaa kwenye sanduku langu miaka saba, maana sikujua nilifanyie nini. Mwaka huu ndipo nikamwomba mama ruhusa nilitie kwenye picha. Akanyamaza kwanza, halafu akasema, "Lifanyie kazi, mwanangu, ila usilifiche."

Usilifiche. Neno hilo ndilo lililonifikisha kwenye rangi za kuzimua.

Mimi nilianza na rangi ya kufunika. Nilijifunza kuchora Dar es Salaam, kwa mtindo ule alioanzisha Edward Saidi Tingatinga mwaka 1968: hadibodi, rangi ya mafuta inayong'aa, ile ya kupakia baiskeli, chui, ndege na samaki wenye madoadoa. Rangi ile ukiipitisha umepitisha. Kilicho chini kimekwenda, na uzuri wa picha uko hapo hapo juu, unameremeta. Naipenda hadi leo. Lakini ningeipaka juu ya kanga ya bibi, kanga ingegeuka kuwa ubao tu wa kuchorea, na mama angekuwa na haki ya kukunja uso.

Kuzimua kwetu ni neno la jikoni na la kilabuni. Unazimua uji uliokuwa mzito, unazimua tembo kali. Mafundi wa nyumba nao wanalo. Rangi ya akriliki inazimuliwa kwa maji, na humo ndimo ilimo raha yake na hatari yake. Ndani ya ile tyubu kuna unga wa rangi, kuna maji, na kuna chembe ndogo mno za plastiki ya akriliki zinazoelea majini. Maji yakikauka, zile chembe zinasogeleana, zinagandana, zinakuwa utando mmoja ulioushika unga wa rangi. Utando ukishashika, maji hayaufungui tena. Rangi ya maji ile ya wachoraji wa karatasi, inayofungwa kwa utomvu wa mgunga, hata ukiirudia mwaka kesho kwa brashi mbichi inaamka, unaweza kuifuta kidogo. Akriliki haiamki. Mkono wa kwanza, yaani mpako wa kwanza, ukikauka umekuwa sehemu ya kitambaa, na mkono wa pili unapita juu yake bila kuuchafua. Kwa sababu hiyo nauweka kila mkono mwepesi kabisa. Kuongeza ninaweza muda wowote. Kupunguza siwezi.

Hatari yake niliijua kwa kuumia. Miaka mitatu iliyopita nilifanya picha ya bandari yetu juu ya hadibodi, nikaizimua rangi kwa maji matupu mpaka ikawa kama maji ya kuoshea brashi. Ilipendeza siku ile. Baada ya wiki nikapitisha kiganja, kiganja kikarudi na bluu kama nimeshika chaki. Nusu ya bahari ilikuwa mkononi mwangu. Nilihuzunika sana, maana ilikuwa kazi ya mwezi mzima. Jirani yangu mmoja, mzee aliyepaka nyumba za mtaa huu tangu sijazaliwa, alinikuta nimeiegemeza ukutani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hii imekuwaje?"

Nikamweleza. Akaigusa kwa kidole, akakitazama kidole chake.

"Umezimua gundi, hukuzimua rangi. Maji hayashiki ukuta, mwanangu. Kinachoshika ni ile gundi iliyomo ndani. Ukiimaliza kwa maji, unabaki na vumbi."

Alikuwa anazungumzia rangi za ukutani, lakini hapo hapo ndipo mambo yalipo. Tangu siku hiyo nazimua kwa vitu viwili. Kijiko cha rangi, kijiko cha midiamu ya akriliki (ni ile plastiki yenyewe bila unga wa rangi, nyeupe kama maziwa ikiwa mbichi, ikikauka haina rangi kabisa), ndipo maji, kidogo kidogo, mpaka iwe nyepesi kama chai ya rangi. Juu ya ubao uliozibwa (uliopakwa kwanza kitu cha kuuzuia usinywe rangi) sithubutu kupita hapo. Juu ya pamba isiyozibwa ni habari nyingine: nyuzi zenyewe zinainywa rangi na kuishika ndani, kwa hiyo naweza kuzimua zaidi.

Na kanga hii inakunywa! Kanga mpya huja na wanga, ukiidondoshea maji yanakaa juu kama yako kwenye jani la mgomba, na ni lazima uifue kwanza. Hii ya bibi imefuliwa na kuanikwa maisha mazima. Tone linapotea kabla hujainua mkono.

Jana, basi. Upepo wa kusi ulikuwa umetulia, nami nilikuwa nausubiri utulie, kwa sababu ukivuma rangi inakaukia njiani kabla haijatembea. Nikatandika nailoni sakafuni, nikailaza kanga, nikainyunyizia maji yote kwa chupa ya kupulizia mpaka ikalala kimya bila kinundu. Nikachukua ultramarini, bluu ambayo zamani ilisagwa kutoka kwenye jiwe la Afghanistan na tangu karne ya 19 inatengenezwa kiwandani. Naipenda kwa kuwa haifuniki. Mwanga unapita ndani yake, unagonga kilicho chini, unarudi umebeba vyote viwili. Njano ile iliyopauka ikaanza kugeuka kijani cha jani kongwe la mwembe. Korosho zilizokuwa vivuli zikarudi. Naapa zilirudi, wino wake uliozama kwenye pamba ukawa mweusi zaidi ya nilivyopata kuuona nikiwa mtoto. Herufi za jina zikasimama.

Sikuigusa zaidi. Hapo ndipo pagumu kwangu kuliko pote. Rangi mbichi inakudanganya, kitambaa kikiwa na maji kila rangi inaonekana nzito na tajiri, na kikikauka inarudi nyuma. Ukiiamini ile ya mbichi unaona umemaliza, ukiiogopa unaongeza juu ya kilichokuwa kinatosha. Nikatoka nje nikachambua mchele. Niliporudi, kingo za kila dimbwi dogo zilikuwa zimefanya mstari mweusi mwembamba, kama duara linaloachwa na tone la chai juu ya kitambaa cha meza. Maji hukauka haraka zaidi ukingoni, na yale ya katikati yanakimbilia huko yamebeba unga wa rangi, yanautua mpakani. Wapo wanaoifuta mistari hiyo. Mimi naiacha, inanikumbusha alama za maji kujaa na kupwa kwenye mchanga wa pwani yetu.

Ndipo nikaona mishono.

Karibu na pindo, upande wa kushoto, katikati ya bluu yote ile, kulikuwa na vistari vyeupe. Vidogo, vimelala pamoja kama punje za mchele. Nikasogeza taa. Vingine juu kidogo. Vingine kwenye kona. Kanga ile ilikuwa imeshonwa kwa mkono mahali pengi, kila tundu limezibwa, na mimi niliyelala juu yake mgongoni mwa bibi, niliyeikunja na kuikunjua miaka saba, sikuwahi kuona hata tundu moja. Uzi ulikuwa mweupe juu ya njano iliyopauka, ukajificha. Pamba ilikunywa bluu. Uzi ule, nadhani ni wa nailoni, haunywi maji kama pamba, ukaikataa. Nikahesabu tisini na kitu nikaacha, macho yalikuwa yamejaa.

Usiku nikamkumbuka Helen Frankenthaler, mchoraji wa Marekani. Oktoba 1952, akiwa na miaka 23, ametoka kutembea Nova Scotia kule Kanada, alitandika sakafuni kitambaa cha karibu mita tatu, hakukipaka kitu cha kuzibia, akamimina rangi ya mafuta aliyoizimua kwa tapentaini na kuiacha izame. Picha hiyo, Mountains and Sea, iliwafungulia njia wengi. Mwaka uliofuata wachoraji Morris Louis na Kenneth Noland walikwenda kuiona New York, wakarudi Washington na kazi zao zikabadilika. Lakini mafuta yakigusa pamba tupu, baada ya miaka huila. Kitambaa kinakuwa kahawia, kinakatika. Na kando ya rangi mafuta hutambaa yakaacha utusitusi. Yeye mwenyewe miaka ya 1960 alihamia akriliki. Kwa hiyo ninapoambiwa na wenzangu kwamba mafuta ndiyo rangi ya heshima na akriliki ni ya wanafunzi, nawaambia mafuta yangemwozesha bibi yangu. Nalisema kwa dhati. Kitambaa chenye maneno yale kwenye pindo hakistahili kitu cha kukiozesha.

Na yupo Sam Gilliam, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa Mississippi na kufanya kazi Washington. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa akimimina akriliki nyepesi kwenye kitambaa, anakikunja kingali kibichi, kisha anakitundika bila fremu, kikining'inia na kujikunja kama kinavyotaka. Nilipoziona picha za kazi zake mara ya kwanza sikuwaza makumbusho. Niliwaza kamba yetu ya uani siku ya kufua.

Mpango wangu ulikuwa kuigandisha kanga juu ya plaiwudi kwa midiamu, kisha kuzungushia nyuzi za mkonge, kwa kuwa babu alikata mkonge kwenye mashamba ya hapa Tanga hadi mgongo ukapinda. Nina pia barua zake mbili za kubandika humo. Barua moja ni ya kalamu ya bolpeni, hiyo haiyeyuki kwa maji. Nyingine ni ya wino wa kuchovya, tone moja la maji litaiyeyusha, kwa hiyo itabidi niifunike kwanza kwa vanishi ya kupuliza isiyo na maji. Hayo yote yanawezekana. Jambo nililolishika ni kwamba rangi inatangulia, gundi inafuata. Niliwahi kugandisha kwanza, gundi ikapenya upande wa juu, na kila ilipopenya rangi ilikataa kuzama, ikabaki imesimama juu kama jasho.

Lakini leo sijui kama nataka plaiwudi. Nikiibandika, upande wa nyuma hautaonekana tena, na mafundo yote ya ule uzi yako nyuma.

Mama amepita baada ya magharibi. Nimemwamkia, nimempa kiti, akakikataa akakaa mkekani. Nilikuwa na hofu. Amesoma jina kwanza, kwa sauti, kama anavyosoma kila kanga anayokutana nayo. Halafu nikamwonyesha mishono.

"Umeona, mama? Bibi alivyokuwa akishona. Sikujua."

Ameinama. Amepitisha kidole kwenye ile ya pindoni, polepole, akahamia ya kona, akarudi.

"Hizi fupi ni zake," akasema. "Hizi ndefu si za bibi yako."

"Za nani?"

"Zangu. Alinifundishia hapa. Nilikuwa sijaanza shule. Kila nikishona anaitazama, anasema haya, tundu lingine. Mimi nilikuwa nikidhani anazifumua usiku anashona upya." Akakaa kimya. "Kumbe aliziacha."

Nimetengeneza chai, tumekunywa hapo hapo tukiwa tumeizunguka kanga. Ameniuliza kama nitapaka tena. Nimemwambia nilikuwa nimepanga mkono wa pili, wa siena iliyochomwa, ule udongo mwekundu, mwepesi sana, upande huu wa chini tu, ili bluu ielekee kwenye kijivu cha jioni. Amefikiri.

"Na nyuzi zitabaki nyeupe?"

"Zitabaki, mama. Labda zitashika wekundu kidogo sana."

"Basi usipake kesho. Ngoja." Alikuwa ameshasimama, anajifunga ushungi. "Asubuhi nakuja na lile pande jingine. Nataka nilitazame kwenye mwanga."