Nakala ya Kuamkia Jumatatu

Novemba 2017 msimu wa korosho ulikuwa umepamba moto, na bei mnadani ilikuwa imevuka shilingi 4,000 kwa kilo. Nilikuwa fundi wa kompyuta katika chama kimoja cha ushirika hapa Mtwara mjini. Jumatano moja, saa tisa alasiri, umeme ukakatika. Miaka ile Mtwara ilikuwa bado haijaunganishwa na gridi ya taifa. Tulitegemea mitambo inayoendeshwa kwa gesi ya Mnazi Bay, na mitambo ikishindwa hakuna kwingine pa kuazima umeme. Betri za akiba ziliibeba seva yetu dakika kama 20. Jenereta likagoma kuwaka. Mimi nilikuwa ghalani, upande wa Mikindani, na nilipofika ofisini nilikuta feni zimesimama na taa ya seva imezimika.

Seva ilikuwa moja, ila ndani yake zilikaa kompyuta 3, zile ziitwazo mashine pepe, zikiendeshwa na KVM, programu ya kuendesha kompyuta nyingi ndani ya moja, juu ya mfumo wa Linux. Diski ya kila mashine ilikuwa faili moja kubwa tu. Ukitaka kuihifadhi kompyuta nzima, unanakili faili lake. Kwa kazi hiyo niliandika skripti, yaani orodha ya amri ambazo kompyuta inazitekeleza yenyewe, mistari haizidi 40. Kila siku saa saba usiku iliiagiza mashine izime, ikasubiri sekunde 60, ikanakili faili kwenda diski ya nje, kisha ikaiwasha tena. Mwisho iliandika: "Imekamilika." Nililisoma neno hilo kila asubuhi, na nililiamini.

Umeme uliporudi saa moja usiku, mashine mbili ziliamka salama. Ya tatu, ya hesabu, iliwaka, lakini hifadhidata ya stakabadhi ikakataa kufunguka. Humo ndimo zilimokuwa kilo za kila mkulima, daraja la korosho zake na makato yake. Mama mhasibu alikuwa amesimama mlangoni, mkoba begani, hajaenda nyumbani.

"Mwanangu, benki wanaitaka orodha ya malipo Ijumaa."

"Usijali mama, nakala ya jana usiku ninayo."

Nikairudisha nakala ya kuamkia Jumatano. Hifadhidata haikufunguka. Nikarudisha ya kuamkia Jumanne, hali ni ile ile. Nilipoyakagua mafaili yenyewe kwa qemu-img, programu ya kukagua mafaili ya diski za aina hii, makosa yalimiminika kwenye kioo. Na kwa kuyatazama usingejua: ukubwa ulikuwa sawa na siku zote, tarehe ni zake, jina ni lake. Mikono ilianza kunitetemeka. Wakulima wale wengine walikuwa wametoka vijijini na gunia mbili tu, na ada za watoto zilikuwa zinasubiri gunia hizo.

Nakala ya kuamkia Jumatatu ilifunguka.

Nilishukuru Mungu, lakini sikuelewa. Nikashuka hadi wiki ya nyuma yake. Jumanne mpaka Jumamosi, zote mbovu. Jumapili na Jumatatu, zote nzima. Skripti haijui siku ya ibada wala siku ya kazi. Basi kama tofauti haikuwa kwenye skripti, ilikuwa kwa watu. Nikamgeukia mama.

"Mama, Jumamosi unafanya nini ambacho siku nyingine hukifanyi?"

Alifikiri kidogo. "Jumamosi nafunga kila kitu. Siku nyingine naacha hesabu wazi, nazima kioo tu, ili asubuhi niendelee pale pale nilipoishia."

Hapo nikaona. Amri ya kuzima katika KVM haizimi. Inabisha hodi tu, sawa na mtu aliyebonyeza kitufe cha kompyuta mara moja, halafu inarudi papo hapo bila kungoja jibu. Windows, mfumo uliokuwa ndani ya mashine ya hesabu, ikikuta jedwali halijahifadhiwa, inauliza swali na kusubiri binadamu ajibu. Saa saba usiku binadamu hayupo. Sekunde 60 zangu zikiisha, skripti inaanza kunakili diski ambayo bado inaandikwa. Ukurasa wa kwanza unachukuliwa saa saba, wa mwisho baada ya nusu saa, na katikati mashine imeendelea kubadilisha mambo yake. Nakala ya namna hiyo haina wakati wake; ni vipande vya nyakati tofauti vilivyoshonwa pamoja.

Kilichoniuma zaidi ni mstari wa mwisho. Kila usiku skripti ilipojaribu kuiwasha mashine, mfumo uliijibu kuwa mashine hiyo tayari inafanya kazi. Jibu hilo lilieleza tatizo lote. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimeelekeza makosa yote kwenda /dev/null, pale Linux inapotupa maneno, kwa sababu barua za tahadhari ndogondogo zilikuwa zimenichosha. Mashine iliniambia ukweli miezi mitatu, na mimi niliuzuia usinifikie.

Siku tatu zilikuwa zimepotea: Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Kilichotuokoa ni karatasi. Mzee wa ghala alileta mafaili ya stakabadhi kwa bajaji usiku ule ule, na mfuko wa ming'oko ya kuchemsha na pilipili. Mama alisoma, mimi na karani tukaingiza, mzee akahakiki kilo dhidi ya daftari lake la mizani. Adhana ya alfajiri ilitukuta tumebakiza bahasha moja. Orodha ilifika benki Ijumaa kabla ya saa sita.

Wikiendi ile niliandika skripti upya. Sasa inauliza hali ya mashine kila baada ya sekunde 5, hadi dakika 10, na isipothibitisha kuwa imezimika, hainakili chochote. Inanitumia ujumbe kwenye simu. Makosa yote yanaandikwa. Na kila nakala mpya inafunguliwa kwenye mashine ya pembeni, isiyo na mtandao, hifadhidata isomwe kabla neno "Imekamilika" halijaandikwa.

Jumanne iliyofuata, saa saba na dakika kumi usiku, simu ikalia: mashine ya hesabu haijazimika, nakala haijachukuliwa. Asubuhi nilipanda bodaboda mapema. Nilimkuta mama ameshafika. Nikamwamkia, naye akaniitikia bila kuondoa macho kwenye kioo. Jedwali lilikuwa wazi, na juu yake swali lilikuwa limekesha likingoja jibu: ahifadhi mabadiliko au asihifadhi?

"Kwa hiyo ni hili," akasema.

"Ni hilo, mama."

Akabonyeza ndiyo.