Nilivyopata kofia ya kutembea nayo milimani kwenye mvua

Mimi navaa miwani. Nilipoanza kutafuta kofia ya kutembea nayo milimani msimu wa mvua, nywele kulowa haikuwa shida yangu, nywele zitakauka. Nilitaka kuona ninapokanyaga.

Kofia ya koti ninayo, na maji inazuia vizuri tu. Shida yake ni kwamba ukigeuza kichwa yenyewe haigeuki, unabaki kutazama bitana. Masikioni kunajaa kishindo cha matone, mwenzako akikuita kutoka nyuma humsikii. Ukiwa unapanda, joto lote la shingoni linabaki humohumo. Nikaamua kutafuta pama, yenye ukingo pande zote, na ile ya koti ibaki ya akiba upepo ukichachamaa.

Wauzaji hupenda kukuonyesha kwanza namba ya kitambaa: milimita 10,000, milimita 20,000. Huo ni urefu wa safu ya maji ambayo kitambaa kinaweza kuihimili kabla hakijaanza kuvuja. Mabegani, ambako mikanda ya begi inakandamiza, au gotini unapopiga goti kwenye tope, namba hiyo ina maana. Kichwani hakuna kinachokandamiza. Matone yanapiga na kuteleza. Sikuona sababu ya kulipia namba kubwa.

Nilichokagua ni mishono. Kila sindano ilipopita imeacha tundu, na kofia, kwa udogo wake, ina mishono mingi ajabu. Nilizigeuza ndani nje moja baada ya nyingine, nikitafuta ule utepe mwembamba unaobandikwa kwa joto juu ya mshono. Kuna zilizokuwa na utepe utosini tu, lakini pale ukingo unapoungana na kichwa hamna kitu, wakati hapo ndipo maji hukusanyika. Nyingine bitana yake imeshonewa moja kwa moja, huwezi kuchungulia ndani. Hizo nilizirudisha zilipotoka.

Ukingo ndio ulionichukua muda. Ukingo mpana unapendeza kwenye kioo, lakini vaa na begi mgongoni uone. Begi likipanda juu ya mabega, kila ukiinua uso ukingo wa nyuma unaligonga na kofia inasukumwa mbele hadi machoni. Kofia za mvua za wavuvi wa baharini zina ukingo mfupi mbele na mrefu nyuma, ili maji yatiririkie juu ya koti badala ya kuingia shingoni. Kwa asiyebeba kitu mgongoni, sijaona umbo bora kuliko hilo. Mimi nabeba, kwa hiyo nilichukua yenye ukingo wa sentimita 7 hivi, laini nyuma, mgumu kidogo mbele. Ukilegea kote, upepo unaupeperusha na kukupiga nao usoni.

Kabla ya kuipeleka mlimani niliingia nayo bafuni, koti mwilini, begi mgongoni, nikasimama chini ya bomba la mvua. Waliokuwepo nyumbani walicheka, na haki yao. Nilipoinama kama ninayetazama mawe, maji yalidondokea mbele ya vidole vya miguu na miwani ikabaki kavu. Nilipoinua uso, yakashukia kwenye begi. Nilipogeukia kushoto, tone likapenya kati ya sikio na kola, likashuka taratibu hadi kwenye ubavu. Nikaivuta kofia chini kidogo, nikakaza kamba ya kidevuni, nikageuka tena; halikurudi.

Kitambaa chenyewe ni cha aina ya Gore-Tex, iliyotokana na ugunduzi wa Bob Gore mwaka 1969: kinaachia mvuke wa jasho, kinazuia maji. Usitarajie miujiza. Mlima ukiwa mkali na hewa imejaa unyevu, mvuke hauna pa kwenda, na nadhani wengi wanaolalamika kwamba kofia zao zinavuja wanalowa jasho lao wenyewe. Ndiyo maana nilitaka utepe mnene wa kunyonya jasho kwenye paji la uso. Zile za pamba iliyopakwa nta nilizijaribu pia. Ni imara, lakini ni nzito na zina joto. Zinamfaa zaidi anayesimama kuliko anayepanda.

Matunzo ni machache. Ikiwa mpya, matone huviringika juu yake kama kwenye jani la magimbi. Yakianza kutandaa na kitambaa kuwa na rangi ya kulowa, naiosha kwa sabuni isiyo kali, bila dawa ya kulainisha nguo, naisuuza hadi povu liishe, kisha naikausha kwa joto kadiri lebo inavyoruhusu. Joto huamsha ile dawa ya juu inayofukuza maji. Ikikataa, napulizia mpya, nikianzia kwenye mishono ya ukingo.