Lebo 43 za shangazi: nilivyozirudisha kwenye bahasha zake

Kosa nililifanya Jumapili moja ya mwaka 2001, uani kwa shangazi yangu Kibaha, nikiwa na miaka 19. Nilikuwa na beseni la maji ya uvuguvugu, kitambaa, kibano na magazeti ya kuanikia. Mbele yangu kulikuwa na bunda la bahasha 36, zote kutoka Denmark, ambazo shangazi alikuwa akizihifadhi kwenye kopo la biskuti kwa zaidi ya miaka thelathini. Stempu zenyewe sikuzigusa, maana za Denmark nilikuwa nazo tele. Nilichokitaka ni vile vipicha vingine vilivyobandikwa kando ya stempu au nyuma kwenye kifuniko cha bahasha: vina meno kama stempu, vina jina la nchi na mwaka, lakini havina bei, na kwenye katalogi niliyoazima havikuwemo. Nikajiambia, kitu kisichokuwemo kwenye katalogi lazima kiwe adimu.

Nikalaza kitambaa chenye maji juu ya kila kimoja, nikangoja, nikabandua. Hadi alasiri lebo 43 zilikuwa zimejipanga juu ya gazeti, safi, hazina hata chozi la gundi. Shangazi akatoka jikoni, akasimama nyuma yangu kwa muda.

"Mwanangu, sasa nitajuaje ipi ilikuja na barua ipi?"

Hakunigombeza. Akazikusanya bahasha zake taratibu, akazirudisha kwenye kopo, lebo akaniachia.

Siku chache baadaye nilizipeleka Dar es Salaam kwa mzee mmoja wa Kariakoo aliyekuwa akikusanya stempu tangu enzi za mkoloni. Nilimwamkia, akaitikia, akavaa miwani, akazipitia moja moja. "Kijana, hizi si stempu," akasema. "Huwezi kutuma barua kwa hizi hata ukibandika mia." Nikanywea. Kumbe alikuwa hajamaliza. "Lakini ni nzuri, na zina watu wake. Ulizibandua za nini?"

Ndiye aliyenifundisha kwamba wakusanyaji wa dunia wana jina la vitu hivi: wanaviita Cinderella, kwa yule msichana wa ngano aliyeachwa jikoni wakati dada zake wanakwenda karamuni. Vinafanana na stempu lakini haviingii ukumbini. Humo zimo lebo za Krismasi, lebo za matangazo ya biashara walizozipenda sana Wajerumani kabla ya vita ya 1914, lebo za maonyesho, lebo za "kwa ndege", na hata stempu za ushuru zinazobandikwa kwenye hati na risiti.

Kisha akanionyesha bahasha moja ya Uingereza. Mbele ilikuwa na stempu ya kawaida. Nyuma ilikuwa na lebo ndogo yenye ndege wa baharini. Akanieleza kwamba Lundy ni kisiwa kidogo karibu na pwani ya kusini magharibi ya Uingereza, na kwamba Posta ya Uingereza iliacha kukihudumia mwaka 1927. Mmiliki wake, Martin Coles Harman, akaanza kuzisafirisha barua mwenyewe hadi bara, na mwaka 1929 akatoa stempu zake, bei zake zikihesabiwa kwa "puffin", jina la ndege huyo. Ya kisiwani ililipia safari ya baharini, ya Posta ya Uingereza ikalipia iliyobaki. "Ukiibandua hii ya ndege," mzee akasema, "unabaki na picha ya ndege. Ikiwa hapa, unaona barua imevuka maji." Stempu ya serikali, akaendelea, ina katalogi ya kuitetea popote itakapokuwa. Lebo haina mtetezi ila bahasha iliyobandikwa.

Maneno hayo niliyabeba kwenye daladala hadi nyumbani. Nikamwomba shangazi anikabidhi tena lile kopo. Alifikiri kidogo, akanipa kwa sharti moja: nisizisome barua.

Niliona itakuwa kazi ya jioni mbili. Lebo za Denmark zina mwaka, bahasha zina muhuri wenye tarehe, basi ni kulinganisha tu. Haikuwa hivyo. Rafiki wa shangazi, yule aliyemwandikia kutoka Denmark, alikuwa mtu asiyetupa kitu. Lebo zikibaki mwaka huu, anazitumia mwakani, au mwaka wa tatu, au kwenye barua ya Pasaka. Lebo ya 1974 ingeweza kuwa imekwenda na barua ya 1977. Bahasha nyingine zilikuwa na lebo mbili, nyingine tatu, nyingine hazikuwa na hata moja.

Kilichonisaidia kwanza ni muhuri. Mashine za posta hugonga duara la tarehe na kando yake mistari ya mawimbi, na pale lebo ilipokaa jirani na stempu, mistari hiyo ilipita juu yake ikaendelea kwenye karatasi. Kwa hiyo nusu ya wimbi ilibaki kwenye bahasha na nusu kwenye lebo. Nilianza kuzisogeza moja moja chini ya taa hadi mistari ikutane, na inapokutana huwezi kukosea: nafasi kati ya wimbi na wimbi, unene wa wino, pale mashine iliporuka, vyote vinashikana. Jioni ya kwanza nilizipata tisa. Nilimwita shangazi kwa kila moja kama mtoto aliyejifunza kuhesabu, na kwa kila moja aliacha alichokuwa akifanya, akaja.

Zilizokuwa nyuma, kwenye kifuniko, hazikuguswa na muhuri. Hapo nikajifunza kuangalia mpasuko. Shangazi alikuwa anafungua barua kwa kidole, na lebo iliyokaa juu ya ukingo ilipasuka pamoja na karatasi. Mpasuko wa lebo na mpasuko wa kifuniko vilikuwa na mwendo mmoja, kama vipande viwili vya chungu. Hizo zilinipa kumi na moja zaidi.

Zilizobaki nilizitafuta kwa kivuli. Karatasi iliyokaa chini ya lebo kwa miaka ishirini haipati vumbi wala mwanga, hivyo inabaki nyeupe kuliko iliyo kando yake. Ukilaza tochi upande, mwanga ukapita chini chini, unaona hata alama za meno zilizokandamizwa. Nilinakili kila kivuli kwenye karatasi ya kuchorea ramani, nikapima urefu na upana, nikahesabu meno kwenye sentimita mbili. Lebo za mwaka mmoja na mwingine hazilingani saizi, zinapishana kwa milimita moja au mbili, na milimita hiyo ndiyo iliyonipa jibu. Kazi hii ilikwenda kwa msimu, nikiwa likizo. Ilichukua miaka minne.

Miaka hiyo ndiyo iliyonifundisha lebo zenyewe ni nini. Aliyezianzisha alikuwa karani wa posta, Einar Holbøll, huko Denmark. Akipanga marundo ya kadi za Krismasi aliwaza kwamba kama kila moja ingebeba lebo ya senti chache, fedha hizo zingewatibu watoto wenye kifua kikuu. Mfalme Christian wa Tisa alikubali, na lebo ya kwanza ilitoka 1904 ikiwa na picha ya marehemu Malkia Louise. Msimu ule ziliuzwa zaidi ya milioni nne, na fedha zake zikachangia kujenga hospitali ya watoto mjini Kolding. Mwaka 1907 Emily Bissell wa jimbo la Delaware, Marekani, aliiga wazo hilo akitafuta dola 300 za kuokoa kituo kidogo cha wagonjwa wa kifua kikuu, akapata karibu mara kumi yake.

Nilipomsimulia shangazi hayo, alishangaa kwamba sikujua. Alikuwa muuguzi Kibaha tangu enzi za mradi wa nchi za Nordiki, ule uliotiwa saini 1963 kati ya Tanganyika na Denmark, Uswidi, Norwe na Ufini, ukakabidhiwa kwa Serikali yetu 1970. Rafiki yake, muuguzi Mdenmark, alifanya naye kazi kwa miaka kadhaa, na wote wawili walihudumia wagonjwa wa kifua kikuu. "Ulidhani anabandika mapambo?" akaniuliza. Kila lebo ilikuwa mchango uliokwisha lipwa, na salamu ya mtu wa kazi moja kwa mwenzake.

Kuhusu kuzirudisha: sikupaka gundi. Nilitumia bawaba ndogo za karatasi, zile za kushikia stempu kwenye albamu, ili atakayekuja baada yangu akiona nimekosea aweze kusahihisha. Kwa penseli, nyuma ya kila bahasha, nikaandika ushahidi: "mawimbi yanakutana", "mpasuko", "kivuli, 22 kwa 31". Unyevu wa Pwani ni adui. Lebo zenye gundi zikibanwa kwenye albamu msimu wa masika hujishikiza zenyewe, kwa hiyo bahasha nazisimamisha wima kwenye boksi kama kadi za maktaba, na kuweka vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Mifuko laini ya plastiki inayonuka usiitumie hata kidogo. Inanata na kuvuta wino.

Mkusanyo umekua tangu hapo, na kanuni ni ile ile: sibandui. Nina lebo za rejista zilizokaa kwenye bahasha zake, zikiwa na majina ya ofisi za posta ambazo siku hizi hazipo. Nina barua ya 1961 kutoka Élisabethville, leo Lubumbashi, yenye stempu zilizogongwa neno "Katanga" juu ya za Kongo ya Wabelgiji. Katanga ilijitangazia uhuru Julai 1960 na haikutambuliwa na nchi yoyote hadi ilipokwisha Januari 1963, lakini barua hii ilifika, na muhuri wa kupokelewa upo nyuma. Isingekuwa bahasha, tungebishana tu.

Mara moja nilikaribia kuvunja kanuni yangu. Muuzaji mmoja wa Ulaya alitangaza stempu za Witu. Mtu wa Pwani akilisikia jina hilo moyo unaruka. Ni usultani wa bara ya Lamu, ambako ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, walipata ardhi na ushawishi kuanzia 1885. Stempu hizo ni za 1889, zimegongwa kwa mkono kwa herufi za Kiarabu. Shida ni kwamba wakati huo Wajerumani walikuwa tayari na posta Lamu, iliyofunguliwa Novemba 1888 ikitumia stempu za Ujerumani, na mwaka 1890 waliiachia Uingereza Witu kwa mkataba. Je, hizi za Witu zilibeba barua, au zilitengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji? Nilimwandikia muuzaji swali moja: zipo kwenye bahasha? Akajibu hapana, ni vipande. Bei ilikuwa mishahara yangu miwili. Niliziacha, na usiku ule sikulala vizuri.

Za Vuga ni hadithi tofauti, na hizo nazitamani bado. Mwaka 1916, stempu za Afrika Mashariki ya Kijerumani zilipopungua kwa sababu ya vita, mitambo ya misheni pale Vuga, Usambara, ilichapisha za dharura: heller mbili na nusu, heller saba na nusu (heller ni sarafu ndogo ya koloni hilo), na rupia moja. Hazikuwahi kuuzwa dirishani. Zilifukiwa ardhini, zikaja kufukuliwa baada ya vita. Hizo ndizo pekee ambazo nisingedai bahasha, maana hazijawahi kuwa nayo.

Mwishoni mwa mwaka wa nne nilibaki na lebo tano na vivuli vitano. Zote za saizi moja, zote za kwenye kifuniko, hazina muhuri, hazina mpasuko. Ipi ni ya wapi? Nikaziweka kwenye ukurasa wa peke yake na hapo nikakwama. Kivuli kimoja kilikuwa kimekaa upande, kama picha iliyotundikwa vibaya, kwenye bahasha ya Aprili 1982. Hicho nilikiona tangu mwanzo, lakini kwa kuwa lebo yenyewe haiinami, hakikunisaidia kitu.

Krismasi iliyofuata shangazi alikuja kwetu. Nilimfungulia boksi zima. Alipofika kwenye ukurasa ule akaweka kidole juu ya lebo ya buluu.

"Hii ni ya mwaka uliozaliwa wewe," akasema. "Nilimwandikia kwamba kaka amepata mtoto. Akanijibu kwa Kiswahili chake kile kile cha Kibaha, akasema binti yake mdogo ameng'ang'ania kuibandika yeye mwenyewe, nimsamehe imekaa upande."

Jibu lilikuwa ndani ya barua muda wote, na barua sikuwa na ruhusa ya kuzisoma. Nikaitoa bahasha ya Aprili 1982. Shangazi aliishika mwenyewe huku mimi nikilaza lebo juu ya kivuli, nikaigeuza kidogo kidogo hadi pembe nne zikaingia mahali pake. Nikaishikiza kwa bawaba, ikiwa imeinama vile vile.

"Andika na jina la mtoto," akaniambia, akanitajia herufi moja moja.