Mngoni Msibani kwa Wahehe

Nina miaka sita nafundisha sosholojia chuoni, na kila muhula wa kwanza huandika ubaoni maneno yale yale: utamaduni, kaida, tunu, miiko. Wanafunzi wananakili, mtihani unapita, basi. Juni iliyopita mwenzangu wa idarani alifiwa na baba yake, kijijini karibu na Kalenga, Iringa. Nikadamka alfajiri, nikaenda stendi ya Mbezi na begi dogo na bahasha ya rambirambi. Nilidhani nakwenda kutoa pole. Kumbe nilikuwa nakwenda kazini.

Mimi ni Mngoni, ila wa kuzaliwa Temeke. Songea nimefika mara mbili, na Kingoni changu kinaishia kwenye salamu. Aliyenikumbusha mimi ni nani ni bibi mmoja tuliyekaa naye siti moja. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, tukanyamaza mpaka Chalinze. Morogoro akanunua ndizi dirishani, akanipa mbili.

"Mwanangu, kwenu wapi?"

"Songea, bibi."

"Mngoni?"

Nikaitikia. Akaninyang'anya ndizi ile ambayo nilikuwa sijaimenya. "Ningejua nisingekupa. Si nyie mliomkimbia Shaka Zulu kutoka huko kusini, mkatukuta sisi, mkakimbia tena?"

Siti za nyuma wakacheka. Nikabaki nimeshika ganda. Maneno hayo ungeyasikia kwenye daladala kwa mtu usiyemjua, ungeshuka naye kituoni mkamalizane. Lakini bibi alikuwa ananitazama usoni, anangoja. Nikaelewa kwamba kunyamaza ndiko kungekuwa utovu wa adabu.

"Hatukukimbia, bibi. Tulikuwa tunawaokoa mbwa wetu."

Wahehe na nyama ya mbwa ni utani wa siku zote, nchi nzima inaujua. Bibi alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Ndizi yangu ikarudi.

Wangoni walivuka mto Zambezi mwaka 1835 wakitoka kusini, na mwishoni mwa miaka ya 1870 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1880 walipigana vikali na Wahehe. Vita vile viliacha majeraha pande zote mbili, na juu ya majeraha hayo ukaota utani. Utani mwingine uliota barabarani: wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa wakishusha pembe za ndovu pwani walipita kwa Wazaramo, wakala kwao, wakagombana nao, wakawa watani. Mwanaanthropolojia Radcliffe-Brown aliandika mwaka 1940 kwamba katika uhusiano wa namna hii mmoja ana ruhusa, na pengine wajibu, wa kumkejeli mwenzake, na mwenzake anatakiwa asikasirike. Nimeifundisha sentensi hiyo mara nyingi bila kuwahi kunyang'anywa ndizi.

Mikumi dereva alipunguza mwendo, twiga watatu upande wa kulia, abiria na simu zao madirishani. Mbele kidogo tukachimba dawa. Mlima Kitonga basi lilipanda kwa kunguruma nyuma ya malori, na baridi ikaanza kupenya. Tulipofika Lugalo bibi alinigusa bega. Hapo ndipo, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe wa Mkwawa walipokiangamiza kikosi cha Wajerumani cha Zelewski.

"Nyie siku hiyo mlikuwa wapi?"

"Tulikuwa tunawasubiri kwenye Majimaji, 1905. Hamkutokea."

Hilo lilimchoma kidogo. Akaangalia nje mpaka Ipogolo, lakini kushuka alinishika mkono.

Nilifika msibani jioni. Turubai, moto, moshi, ulanzi kwenye dumu pembeni kwa wazee. "Kamwene," huku na kule. Mwenzangu akanipokea kwa kunikumbatia, kisha akatangaza kwa sauti, "Mtani kafika." Wazee wakainua vichwa, na hapo bahasha yangu ikapoteza uzito wote.

Asubuhi nikawa kama mwanafunzi aliyeingia mtihani bila kusoma. Bahati yangu alikuwepo Mngoni mwingine, mwalimu mstaafu. Aliingia ndani, akatoka amevaa koti la marehemu na kofia yake, fimbo mkononi. Akatembea anaburuta mguu wa kushoto, akisimama kila hatua tatu kuhesabu ng'ombe, hata wa jirani. Mjane, ambaye siku mbili hakuwa amesema neno, alijifunika uso kwa khanga, mabega yakitetemeka. Nikajua analia. Alipoondoa khanga alikuwa anacheka, kisha akalia kweli, na akina mama waliomzunguka wakashusha pumzi.

Kaburini mwalimu akakaa ukingoni, miguu inaning'inia ndani. "Huyu alikuwa na deni letu. Hazikwi mtu." Akanikonyeza, nikachukua chepe mbili nikaenda kuzificha nyuma ya ghala la mahindi. Wafiwa wakaja kubembeleza. Elfu mbili, tukakataa. Elfu tano, mwalimu akaigeuzageuza noti juani kama anatafuta bandia. Ilipotimia elfu kumi na ahadi ya kuku, chepe zikarudi. Ndugu wa damu hawezi kufanya hayo, uchungu haumruhusu. Mgeni tu hathubutu. Anayeweza ni mtani.

Nikalewa sifa. Wakati wa chakula nilimgeukia mzee aliyekaa karibu yangu, sahani yake imejaa ugali na maharage, nikamwambia kwa sauti, "Wewe umekuja kuzika au kulima hiyo sahani?"

Kijiko chake kiligota hewani. Hakuna aliyenikemea. Mazungumzo yalikatika tu, upande wetu wote, na nikasikia kuni zikipasuka motoni. Mzee mmoja akaniinamia.

"Huyo si wako."

Alikuwa mkwe wa marehemu, mtu wa Bukoba. Sisi na wao hatuna utani. Nikaomba radhi, akasema "hamna neno" bila kunitazama. Mwanasosholojia William Graham Sumner mwaka 1906 alitofautisha desturi za kawaida na zile ambazo jamii inazichukulia kuwa ndio uadilifu wenyewe, na darasani mfano wangu huwa ni nguo za harusini kwa upande mmoja na wizi kwa upande wa pili. Kile kijiko kilisimama mahali fulani katikati, na sijajua bado nikiweke safu gani.

Kesho yake nilipanda basi na jogoo wangu, amefungwa miguu, kichwa nje ya mfuko. Kondakta akaja.

"Huyu kuku wa nani?"

"Nimepewa msibani, Kalenga. Mimi Mngoni."

Akamtazama jogoo, akanitazama mimi. "Huyu ni Mhehe, anasafiri bure," akasema, akachana tiketi. "Wewe ndiye utalipa mbili."