Papai bichi, singo na nongo za bibi arusi

Msimu wa harusi ukianza hapa Tanga simu yangu haipoi. Kwa wiki nafundisha baiolojia sekondari, Jumamosi na Jumapili nasinga maharusi, yaani nawasugua mwili kwa singo, mchanganyiko wa viungo na manukato, kazi niliyoirithi kwa shangazi yangu. Siku hizi kila mama wa bibi arusi anakuja na swali lile lile: "Mwalimu, nasikia saluni kuna skrabu ya vimeng'enya, inatoa nongo bila hata kusugua. Wewe huna?"

Ninayo, mama. Na vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia mwilini, binti yako anavyo, tena vya bure, kaja navyo mwilini.

Seli za ngozi huzaliwa chini, zikawa zinasukumwa juu na wenzao wanaozaliwa nyuma yao. Zikifika juu zimeshakufa, zimebapa, zimejaa protini ngumu iitwayo keratini. Safari hiyo kwa kijana ni kama mwezi mmoja, kwa mtu mzima huchelewa zaidi. Kule juu, mkononi kwa mfano, hulaliana tabaka 15 hadi 20 hivi, zimeshikamana kwa vifungo vidogo vya protini. Wanaovifungua vifungo hivyo ni vimeng'enya vya ngozi yenyewe, jamii ya kalikreini: vinakata taratibu mpaka seli inaachia na kudondoka bila wewe kujua. Zinazobaki zimegandana na jasho, mafuta na vumbi ndizo nongo zinazoviringika chini ya dodoki.

Sasa, kimeng'enya hakifanyi kazi pakavu. Amilesi iliyomo kwenye mate ndiyo inayouvunja wanga wa ugali kuwa sukari, ndiyo maana tonge ukilitafuna muda mrefu huanza kuwa tamu. Mdomo ukiwa mkavu utamu huo hauupati. Pepsini ya tumboni nayo inataka asidi kali, nje ya hapo inalala. Vya ngozi vinataka maji, na ile asidi kidogo ya juu ya ngozi, pH kama 5 (kipimo cha asidi: chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni alkali), ndiyo inayovizuia visikate kupita kiasi. Halafu mtu anaamka kila siku anajisugua kwa sabuni ya kufulia, yenye pH 9 mpaka 10, anajifuta, anatoka juani bila mafuta. Ngozi inapauka, seli zinatoka kwa mafungu kama unga. Anadhani ana nongo nyingi, anaongeza kusugua!

Ndiyo maana singo mimi siikimbizi. Nailoweka kwa marashi ya waridi, nampaka binti mwili mzima, namfunika kanga, nakaa naye tukipiga soga kama nusu saa. Watu wanasifu karafuu na liwa, na kweli harufu yake haina mpinzani, lakini naamini kazi kubwa inafanywa na ule unyevu. Baada ya hapo kiganja tu kinatosha, nongo zinatoka zenyewe.

Papai ni habari nyingine. Nguvu yake inatoka kwenye papaini, kimeng'enya kilichomo kwenye utomvu mweupe wa papai bichi. Likiiva utomvu unakauka, kwa hiyo lile papai tamu mnalojipaka usoni linawapa maji na sukari, basi. Anayeijua papaini vizuri ni wifi yangu anayeuza mishkaki. Anakwaruza papai bichi, anachanganya na nyama ya ng'ombe ngumu, kiasi kidogo na kwa muda mfupi, maana ukiiacha mpaka kesho unakuta uji. Ikiwekwa jikoni ndipo papaini inachapa kazi hasa, karibu nyuzi 65, kisha moto ukizidi inakufa. Mtazame vidole siku ya oda kubwa: ncha zimekuwa laini, nyekundu, zinamchonyota akigusa ndimu. Papaini haijui kutofautisha protini ya ng'ombe na ya wifi.

Kule Kivu, mashariki mwa Kongo, wakulima huchanja mapapai mabichi yangali mtini, wakakinga maziwa yanayotiririka, yakakaushwa na kuuzwa viwandani. Utomvu uliokaushwa namna hiyo ndio asili ya papaini ya kwenye vikopo vya saluni. Nyingi huja kama unga, na si urembo wa kibiashara tu: ikikaa ndani ya maji, papaini inajikata yenyewe na kuisha nguvu. Kwa hiyo unga unaochanganywa na maji mbele yako nauamini kuliko krimu iliyokaa kabatini tangu mwaka jana.

Lakini si ya kuchezea. Mwaka 2008 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliamuru dawa za vidonda zenye papaini zisizo na kibali ziondolewe sokoni, kwa kuwa baadhi ya watu walipata mzio mkali, presha ikashuka na moyo kwenda mbio. Mwenye mzio wa glavu za mpira ajihadhari zaidi. Mimi hupaka kidogo ndani ya kiwiko, nasubiri mpaka kesho yake. Binti anayetumia mkorogo simgusi kwa papaini hata mama yake anilipe mara mbili, ngozi yake imeshakuwa nyembamba. Na utomvu mbichi usoni, hapana kabisa, ukiingia jichoni ni balaa.

Kwa magaga ya miguu nayo msihangaike na papai. Loweka miguu maji ya vuguvugu, pitisha jiwe kidogo, paka krimu yenye urea, vaa soksi ulale. Bibi arusi aanze wiki mbili kabla, asiningoje mimi siku ya singo.